Kupitiwa Mkataba wa Fransaizi na Wakili Mwanza: Tathmini ya Huduma

Tathmini hii inahusu huduma tuliyoipata katika ofisi moja ya mawakili iliyopo katikati ya jiji la Mwanza, ambako mimi na mke wangu tulipeleka mkataba wa fransaizi, yaani wa kulipia haki ya kufanya biashara kwa jina na mfumo wa mtu mwingine, ili upitiwe kabla hatujautia saini. Ofisi yenyewe sitaitaja, kwa kuwa kanuni za maadili ya mawakili nchini zinabana sana matangazo ya kazi zao, na sipendi sifa nitakazozitoa ziwaletee maswali. Nitaeleza kazi waliyoifanya, gharama yake, mahali walipofanya vizuri na mahali walipopwaya, kwa sababu nawafahamu wafanyabiashara wenzangu waliopelekewa mikataba ya aina hii na kuisaini siku hiyohiyo, jambo ambalo linanisumbua.

Fransaizi kwa asili yake si ngeni kwenye ufukwe huu wa Ziwa Victoria. Soda za Coca-Cola tunazokunywa hapa hujazwa na Nyanza Bottling, kampuni ya hapahapa Mwanza inayofanya kazi kwa haki iliyopewa na mwenye jina. Lililo jipya ni kwamba mpango huo sasa unamfikia mtu wa kawaida mwenye akiba yake na fremu moja. Sisi tuliletewa chapa ya kuku wa kukaanga yenye asili ya Nairobi, inayouzwa nchini kupitia kampuni ya Dar es Salaam ambayo imepewa haki za Tanzania nzima. Tulitakiwa kulipa ada ya kuingia, kisha mrabaha, yaani malipo ya kutumia jina, wa asilimia 6 ya mauzo kila mwezi na mchango wa matangazo, kwa mkataba wa miaka mitano. Rasimu ilikuwa ya Kiingereza, ndefu na yenye maandishi madogo, na ofisa wa kampuni alitusihi tulipe kianzio mapema ili nafasi ya Mwanza isichukuliwe na mwingine.

Jambo la kwanza ambalo wakili wetu alilifafanua, na ambalo naliona kuwa msingi wa kila kitu kinachofuata, ni kwamba Tanzania haina sheria mahususi ya fransaizi. Marekani, Tume ya Biashara ya Shirikisho inamlazimu mwenye chapa kumkabidhi mnunuzi hati ya ufichuzi yenye vipengele 23, siku zisizopungua 14 kabla ya kusaini au kulipa. Afrika Kusini, Sheria ya Ulinzi wa Mlaji ya mwaka 2008 inampa mchukuaji wa fransaizi siku 10 za kazi baada ya kusaini, ambazo ndani yake anaweza kughairi bila adhabu. Kwetu hakuna hati ya lazima wala siku za kughairi. Kinachotawala ni Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, pamoja na sheria nyingine zinazogusa biashara kwa upande mmoja au mwingine, na kwa hiyo ulinzi ambao mnunuzi wa nchi nyingine amepewa na bunge lake, mnunuzi wa Mwanza hana budi kuuandika mwenyewe ndani ya mkataba.

Kwa kuzingatia hilo, wakili aliiandikia kampuni ya Dar es Salaam barua ya kuomba nyaraka kabla hata ya kujadili kifungu kimoja. Aliomba cheti cha usajili wa alama ya biashara, mkataba kati ya kampuni hiyo na mwenye chapa wa Nairobi, hesabu zilizokaguliwa, orodha ya matawi yaliyopo na yaliyofungwa pamoja na sababu za kufungwa, na taarifa ya mashauri yoyote yaliyopo mahakamani. Vilevile aliomba makadirio ya mauzo tuliyoonyeshwa kwa mdomo na kwenye slaidi katika ukumbi wa hoteli yaletwe kwa maandishi yenye muhuri. Alitueleza kwamba sheria ya mikataba inamruhusu aliyedanganywa kuutengua mkataba, lakini udanganyifu huo sharti uthibitishwe, na maneno ya ukumbini hayathibitiki kirahisi. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa maoni yangu barua hiyo ndiyo sehemu bora ya huduma yote, kwani makadirio yaliyorudi kwa maandishi yalikuwa madogo kwa kiasi cha kuonekana kuliko yale ya slaidi, na hiyo peke yake ilibadilisha hesabu zetu za mkopo.

Kwenye alama ya biashara ndipo nilipoona tofauti kati ya wakili anayesoma mkataba na wakili anayechunguza kilicho nyuma yake. Haki ya alama ya biashara huishia kwenye mipaka ya nchi iliyoisajili, hivyo usajili wa Kenya haumlindi mtu anayefungua duka Tanzania Bara, ambako alama husajiliwa na BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni, chini ya Sheria ya Alama za Biashara na Huduma. Zanzibar nayo ina sheria yake na msajili wake, jambo la kukumbukwa na yeyote anayeuziwa haki za “Tanzania nzima”. Usajili wa kwanza wa Bara hudumu miaka 7, na baada ya hapo huhuishwa kwa vipindi vya miaka 10. Wakili alifanya upekuzi BRELA na kukuta kwamba alama ipo kweli, na imesajiliwa kwa jina la mwenye chapa wa Nairobi, lakini katika daraja la 29 peke yake. Daraja hilo linahusu nyama, kuku na vyakula vya namna hiyo kama bidhaa. Huduma ya mgahawa ipo katika daraja la 43, na humo hapakuwa na usajili. Kwa maneno mengine, tungekuwa tunalipa mrabaha kila mwezi kwa ajili ya jina la mgahawa ambalo kwa upande wa huduma ya mgahawa halikuwa limesajiliwa, na mtu mwingine angeweza kutuwahi. Tuliweka sharti kwamba maombi ya daraja la 43 yawasilishwe kabla ya ada ya kuingia kulipwa, na kwamba usajili ukikataliwa fedha zirudishwe.

Kasoro ya pili hapo ilikuwa mnyororo wa haki. Kampuni ya Dar es Salaam haimiliki jina, imepewa leseni. Je, leseni hiyo inairuhusu kutoa leseni kwa wengine? Na mkataba wake na Nairobi ukivunjika katika mwaka wa pili, sisi tuliowekeza kwenye majiko, mabango na sare tutabaki na nini? Rasimu ilikuwa kimya. Wakili alidai, na baada ya mvutano tukapata, barua iliyosainiwa na mwenye chapa mwenyewe ikithibitisha ruhusa hiyo na kuahidi kwamba kampuni ya kati ikiondoka, mkataba wetu utaendelea moja kwa moja na yeye kwa masharti yaleyale. Yeyote anayenunua fransaizi kupitia kampuni ya kati asikubali kusaini bila barua ya namna hiyo.

Suala la eneo linahitaji nafasi yake, maana ni la Mwanza hasa, na nina shaka kama wakili wa mbali angeliona. Rasimu ilitupa haki ya pekee katika “Jiji la Mwanza”. Mkazi wa hapa akisema Mwanza mjini, anajumuisha Kirumba, Pasiansi, Kitangiri, Buzuruga na Nyakato bila kufikiri mara mbili. Kisheria, hata hivyo, Halmashauri ya Jiji la Mwanza ni eneo la Wilaya ya Nyamagana, na kata hizo nilizozitaja zipo katika Halmashauri ya Manispaa ya Ilemela, ambayo ni mamlaka nyingine kabisa yenye mkurugenzi wake, ofisa biashara wake na leseni zake. Fremu tuliyokuwa tumekwisha kuiangalia ipo Kirumba. Tungesaini kama ilivyoandikwa, tungekuwa na haki ya pekee mahali ambapo hatukuwa na duka, na duka mahali ambapo mtu mwingine angeweza kuuziwa haki ileile upande wa pili wa barabara. Wakili aliondoa maneno hayo na kuambatisha ramani pamoja na orodha ya kata zote za Nyamagana na Ilemela, moja baada ya nyingine.

Aliendelea pia kufikiria mbele kuliko sisi. Daraja la John Pombe Magufuli la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3, lilizinduliwa Juni 2025, na tangu hapo safari ya kwenda Sengerema na Geita haingoji tena kivuko. Kwa biashara ya chakula maana yake ni kwamba tawi la Sengerema au Misungwi linaweza kugawana nasi wasafiri walewale wa barabara hiyo. Hatukupewa haki ya pekee huko, na sidhani ilikuwa haki kuitaka, ila tulipata haki ya kuulizwa kwanza kabla nafasi hizo hazijauzwa kwa mwingine. Tuliongeza pia kifungu kuhusu oda za simu na za mitandaoni, kwa sababu eneo la kwenye ramani halina maana kama mwenye chapa anaweza kupeleka chakula kwa bodaboda hadi mlangoni kwa mteja wetu kutoka jiko lake mwenyewe.

Upande wa fedha ndipo huduma ilipopwaya. Wakili aliona kwamba ada zilitajwa kwa dola, akatukumbusha kuwa Kanuni za Matumizi ya Fedha za Kigeni za mwaka 2025 zinakataza bei na malipo ya ndani ya nchi kufanywa kwa fedha za kigeni, na kwa kuwa mlipwaji ni kampuni ya Dar es Salaam, ada zote zikageuzwa kuwa shilingi. Hapo alifanya vema sana. Lakini alipofika kwenye kodi alitupeleka kwa mhasibu, kwa gharama nyingine ambayo haikuwa imetajwa mwanzoni, na ni mhasibu aliyegundua mambo mawili mazito.

La kwanza lilihusu maana ya “mauzo ghafi”, ambayo rasimu iliyafanya msingi wa mrabaha bila kuyafafanua. Mauzo yakizidi shilingi milioni 200 kwa mwaka, mfanyabiashara hulazimika kusajiliwa kwa ajili ya Kodi ya Ongezeko la Thamani, ambayo kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18. Tuchukue mfano wa duka linalouza shilingi 30,000,000 kwa mwezi, kodi hiyo ikiwemo. Mrabaha wa asilimia 6 ukikokotolewa juu ya kiasi chote ni shilingi 1,800,000. Ukiondoa kwanza kodi, ambayo ni fedha ya serikali na wala si mapato ya duka, msingi unabaki takriban shilingi 25,423,729, na mrabaha unakuwa shilingi 1,525,424. Tofauti ni zaidi ya shilingi 274,000 kila mwezi, na inatokana na neno moja kutofafanuliwa.

La pili lilikuwa kodi ya zuio. Anayelipa mrabaha anapaswa kuzuia asilimia 15 na kuiwasilisha TRA, mlipwaji awe wa ndani au wa nje. Rasimu yetu ilisema mrabaha utalipwa “bila makato yoyote”. Kifungu hicho kingemhamishia mchukuaji mzigo wa kodi ya mtu mwingine: ili kampuni ipokee shilingi 1,525,424 kamili, sisi tungegharimika takriban shilingi 1,794,616. Tuliwaandikia kwamba tutazuia kodi kama sheria inavyotaka na kuwapa cheti cha zuio, wakakubali bila ubishi, jambo linalonifanya niamini kwamba vifungu vingi vya namna hii vipo kwa sababu tu hakuna aliyevihoji. Ofisi inayotoza ada ya kuupitia mkataba wa fransaizi inapaswa kuyaona haya yenyewe, au imtaje mhasibu tangu siku ya kwanza na kuweka gharama zake ndani ya bei.

Vifungu vya ununuzi wa malighafi vilimalizwa haraka. Mchanganyiko wa viungo na vifungashio vyenye nembo tutavinunua kwao, na hilo ni haki yao kwa kuwa ndiyo siri ya chapa. Kuku, viazi na mafuta tutanunua kwa wasambazaji wa hapa watakaokidhi viwango vilivyoandikwa. Rasimu ilitaka hata viazi vitoke Dar es Salaam.

Dhamana binafsi ilituchukua muda mrefu zaidi nyumbani kuliko ofisini. Tulikuwa tumesajili kampuni ili deni la biashara lisiifikie familia, kumbe ukurasa wa mwisho wa mkataba ulikuwa na tamko ambalo sisi wawili, kama watu binafsi, tungedhamini madeni yote ya kampuni bila kikomo. Sahihi hiyo moja ingeufuta ulinzi wote wa kampuni. Wakili alimweleza mke wangu, akiwa peke yake na bila mimi kuwepo, haki zake chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo hairuhusu nyumba ya ndoa kuuzwa wala kuwekwa rehani na mwenzi mmoja bila ridhaa ya mwingine. Nilimheshimu wakili kwa uamuzi huo wa kuzungumza naye faragha, maana ridhaa inayotolewa mbele ya mume anayesubiri kalamu haiwezi kuitwa ridhaa. Mwishowe dhamana iliwekewa kikomo cha mrabaha wa miezi sita, na nyumba haikuguswa.

Kuhusu pango, aliona kwamba mwenye nyumba wa Kirumba alikuwa anatupa miaka mitatu huku fransaizi ikiwa ya mitano, na tayari alikuwa ametudai kilemba. Tulipata haki ya kuongeza miaka miwili kwa maandishi, na mkataba wa pango ukalipiwa ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya pango la mwaka ili ukubalike kama ushahidi mahakamani siku itakapohitajika.

Migogoro ilikuwa imepangwa kuamuliwa kwa usuluhishi Nairobi, kwa sheria za Kenya. Si kosa kisheria, na tuzo ya Nairobi, yaani uamuzi wa msuluhishi, inaweza kutekelezwa hapa, kwa kuwa Kenya na Tanzania zote zimo katika Mkataba wa New York wa mwaka 1958. Tatizo ni gharama: mtu mwenye mgogoro wa milioni tano hatapanda ndege kwenda kuudai. Tulihamishia usuluhishi Mwanza, chini ya sheria za Tanzania. Marufuku ya kufanya biashara kama hiyo baada ya mkataba kuisha, iliyokuwa ya miaka miwili nchi nzima, ilipunguzwa kuwa mwaka mmoja ndani ya eneo letu. Wakili alituambia kwamba sheria ya mikataba haipendelei makubaliano yanayomzuia mtu kufanya biashara halali, na kwamba marufuku pana kiasi kile ingekuwa vigumu kutetewa, lakini alishauri tusitegemee ushindi wa mahakamani mahali ambapo kalamu inatosha. Nilitamani angesukuma zaidi kwenye kuvunjwa kwa mkataba, ambako bado tumepewa siku 14 tu za kurekebisha kosa la malipo. Tuliomba 30, wakakataa, na sikuona akipigana sana.

Baada ya kusaini, tulipewa orodha ya mambo ya uendeshaji yenye tarehe zake: leseni ya biashara kutoka Ilemela, ukaguzi wa afya, OSHA (usalama mahali pa kazi), mashine ya EFD ya kutolea risiti, mikataba ya maandishi ya wafanyakazi, NSSF (hifadhi ya jamii) na WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi). Jambo moja katika orodha hiyo sikulitarajia. Chapa hii ina programu ya simu inayokusanya majina na namba za wateja na kuzipeleka Nairobi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa hizo ajisajili kwa Tume husika na afuate masharti ya kuzipeleka nje ya nchi. Kwa mujibu wa mkataba, mkusanyaji ni sisi. Orodha ni nzuri, ila iliishia hapo. Tulipopiga simu kuuliza utaratibu wa usajili huo, tulijibiwa kwamba hiyo ni kazi mpya yenye bei mpya.

Tulilipa shilingi 1,500,000 kwa wakili, bila kuhesabu mhasibu. Kazi ilichelewa kuliko tulivyoahidiwa, na mara mbili tulilazimika kwenda ofisini wenyewe kuulizia. Pamoja na hayo naipa huduma hii alama nne kati ya tano, kwa ajili ya barua ya nyaraka, upekuzi wa BRELA na ramani ya kata. Alama moja nimeipunguza kwa sababu ya kodi, na kwa kutotueleza mapema ni kazi gani imo ndani ya bei na ipi haimo.

Mwenye kutaka huduma kama hii, kwanza alihakiki jina la wakili kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama ili ajue kama ana cheti hai cha mwaka huo. Kisha adai barua ya makubaliano ya kazi inayotaja upekuzi wa alama, majadiliano na upande wa pili, na mapitio ya kodi, kila kimoja kwa jina lake. Aende na rasimu nzima pamoja na viambatisho, hasa mwongozo wa uendeshaji, ambao sisi tuliuletewa mwishoni na ambao mkataba unausema kuwa ni sehemu yake na unaweza kubadilishwa na mwenye chapa wakati wowote. Kwa anayechukua uwakala wa kawaida wa kutuma na kupokea fedha kwa simu, gharama hii ni kubwa kupita haja, kwa kuwa masharti yale hayajadiliwi na mtaji wake ni mdogo. Kwa anayeweka akiba ya familia katika jina la mtu mwingine kwa miaka mitano, aende kwa wakili kabla ya kulipa kianzio.